Chunusi za ujanani: kuchagua kati ya dawa sita

Nilipokuwa na miaka 16 nilikuwa na dawa 4 za chunusi kwenye droo, zote zimebaki nusu. Nilikuwa napaka moja kwa wiki mbili, najitazama kwenye kioo, naona ngozi inachubuka na chunusi ziko palepale, basi naiacha na kuhamia nyingine niliyosikia ikisifiwa. Miaka mingi baadaye, nilipokaa na kusoma jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi, niligundua kwamba 2 kati ya zile 4 zilikuwa zinaufaa uso wangu kabisa. Niliziacha kabla hazijaanza kazi. Makovu mawili ya shavuni ni ya kipindi kile.

Dawa zote ninazozilinganisha hapa zinasaidia. Kinachotofautiana ni aina ya chunusi alizo nazo mtu, umri na jinsia yake, rangi ya ngozi yake, na kama ataweza kuvumilia miezi 3 ya mwanzo. Nimeandika kwa kijana aliyesimama mbele ya rafu ya dawa asijue ashike ipi, na kwa mzazi anayemnunulia.

Chunusi inavyojitengeneza

Huwezi kuchagua dawa vizuri bila kujua inagusa nini, kwa hiyo tuanzie hapo.

Kila kinyweleo cha uso kina tezi ndogo ya mafuta pembeni yake. Balehe inapoanza, homoni za androjeni, ambazo wavulana na wasichana wote wanazo, huzisukuma tezi hizo zitoe mafuta mengi. Wakati huohuo seli zilizokufa ndani ya tundu hugandamana badala ya kutoka nje, zikawa kizibo. Nyuma ya kizibo mafuta hujikusanya, na humo hustawi bakteria aitwaye Cutibacterium acnes (hadi mwaka 2016 aliitwa Propionibacterium acnes, na jina hilo bado utaliona sehemu nyingi). Bakteria huyu hapendi hewa, na chakula chake ni hayo mafuta. Mwili nao hupambana kwa kuvimba: wekundu, maumivu, usaha.

Kwa hiyo kuna mambo manne: mafuta, kizibo, bakteria na uvimbe. Dawa nyingi hugusa moja, mawili au matatu kati ya hayo. Ni moja tu inayogusa yote manne, nayo ndiyo yenye masharti magumu kuliko zote.

Karibu 85% ya watu wenye umri wa miaka 12 hadi 24 hupata chunusi kwa kiwango fulani. Haziletwi na uchafu. Ile rangi nyeusi unayoiona kwenye vizibo vya puani ni melanini (rangi ya asili ya ngozi) na mafuta yaliyokutana na hewa, si vumbi, na ukiisugua kwa nguvu unaongeza uvimbe bila kutoa kitu. Kuosha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini kunatosha.

Kuna mambo yanayochochea. Kurithi ni kubwa: kama wazazi wote wawili walikuwa na chunusi nzito, mtoto ana uwezekano mkubwa wa kuzipata. Wasichana wengi huona zinaongezeka siku chache kabla ya hedhi. Msongo wa mawazo huchangia. Mafuta mazito ya nywele huziba matundu ya paji la uso. Helmeti na mikanda inayobana huchokoza ngozi ya kidevu na mabega. Kuhusu chakula, ushahidi unaoeleweka zaidi ni wa sukari na wanga unaopandisha sukari ya damu haraka. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2007 uliwapa vijana wa kiume wenye umri wa miaka 15 hadi 25 chakula kisichopandisha sukari haraka kwa wiki 12, na chunusi zao zikapungua kuliko za wenzao. Maziwa na unga wa protini wa wanaonyanyua vyuma vimehusishwa pia, ingawa si kwa kila mtu. Zipo vilevile dawa zinazoleta chunusi: steroidi (dawa za kuzima uvimbe), lithiamu (ya magonjwa ya akili), fenitoini (ya kifafa), isoniazidi (ya kifua kikuu). Kama chunusi zako zilianza ghafla baada ya kuanza dawa mpya, mweleze aliyekuandikia. Usiiache mwenyewe.

Vigezo nilivyotumia

Kabla ya kutazama dawa, tazama uso wako kwenye mwanga mzuri, na ujiulize una nini. Vizibo ni vile vipele vidogo vyeusi au vyeupe visivyouma. Chunusi za uvimbe ni zile nyekundu, zenye kuuma, nyingine na usaha kichwani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, utaona kahawia iliyokolea au zambarau. Vinundu ni mabonge magumu ya ndani, yanauma ukiyagusa na hayana mdomo. Watu wengi wana mchanganyiko.

Kila dawa nimeipima kwa mambo haya: kazi yake ni ipi kati ya yale manne, inachukua muda gani, inasumbua vipi, inafanya nini kwa madoa na makovu, na inamfaa nani. Kigezo cha madoa nimekipa uzito kwa makusudi. Mwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde mara nyingi anaumizwa zaidi na doa linalobaki kwa miezi kuliko na chunusi iliyodumu wiki moja, na dawa inayochokoza ngozi yake huweza kuleta doa jipya.

Majina ya dawa nimeyaandika kwa tahajia ya Kiswahili. Mtajie mfamasia hivyo hivyo, atayatambua.

1. Benzoili peroksidi

*Kazi yake.* Inaua bakteria kwa kuachia oksijeni ndani ya tundu, na inalegeza vizibo kidogo. Sifa yake kubwa ni kwamba bakteria hajengi usugu dhidi yake, tofauti na antibiotiki. Inapatikana kama jeli, krimu au sabuni ya maji, na katika nchi nyingi hauhitaji cheti cha daktari.

*Muda.* Chunusi za uvimbe huanza kupungua ndani ya wiki 4 hivi. Usiihukumu kabla ya wiki 8 hadi 12.

*Usumbufu.* Inakausha na kuchoma kidogo mwanzoni. Inauzwa kwa nguvu ya 2.5%, 5% na 10%, na hapa ndipo watu wengi hukosea: wanachukua ya 10% wakidhani itafanya kazi mara nne. Ya 2.5% hufanya kazi karibu sawa na ile ya 10%, na haichokozi ngozi sana kama hiyo. Halafu inapausha nguo. Taulo la rangi, foronya, kola ya shati, vyote vitatoka mabaka meupe yasiyofutika. Tumia taulo jeupe, na uihifadhi dawa mahali pasipo na joto.

*Madoa.* Haiondoi doa lililokwishakuwepo. Inazuia mengine kwa kupunguza chunusi zenyewe, mradi usichague nguvu inayokuunguza.

*Inamfaa nani.* Mwenye chunusi nyekundu na za usaha za kiasi, mvulana au msichana. Mwenye chunusi za mgongoni na kifuani ananufaika na ile ya kuosha: unaipaka bafuni, unaiacha dakika chache, unasuuza. Kwa mtu mwenye vizibo peke yake si chaguo la kwanza.

2. Retinoidi za kupaka: adapaleni na tretinoini

*Kazi yake.* Hizi ni jamaa ya vitamini A. Zinarekebisha jinsi seli zinavyojimenya ndani ya tundu ili kizibo kisijengeke, na zinatuliza uvimbe. Kila chunusi unayoiona leo ilianza kama kizibo kidogo kisichoonekana wiki kadhaa zilizopita, na retinoidi hukipata kizibo hicho kikingali kichanga. Ndiyo sababu inapakwa uso mzima. Kuiweka juu ya chunusi moja iliyokwishatoka ni kuipoteza.

Tretinoini ni ya zamani; iliidhinishwa Marekani mwaka 1971 baada ya kazi ya Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Adapaleni ni mpya zaidi na laini zaidi, na tangu mwaka 2016 ile ya 0.1% inauzwa Marekani bila cheti kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Nchi nyingine bado zinataka cheti.

*Muda.* Wiki 12. Nasisitiza kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Kati ya wiki ya 2 na ya 6 uso unaweza kuonekana mbaya kuliko ulivyoanza: ngozi inachubuka, na vizibo vilivyokuwa njiani vinatoka kwa pamoja. Mtu asiyeambiwa mapema huamini dawa inamdhuru na huiacha. Hakuna aliyeniambia.

*Usumbufu.* Ukavu, kuchubuka, kuwashwa, na ngozi kuwa nyepesi kuungua na jua. Kinachosaidia ni kuanza polepole: usiku 2 au 3 kwa wiki, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, juu ya ngozi iliyokauka vizuri baada ya kuosha. Ukiona inakuzidi, paka kwanza losheni isiyoziba matundu halafu dawa juu yake. Baada ya wiki chache ongeza hadi kila usiku. Asubuhi paka losheni ya kukinga jua. Jambo moja la kiufundi: aina nyingi za tretinoini huharibiwa na mwanga na pia na benzoili peroksidi, kwa hiyo moja iwe ya asubuhi na nyingine ya usiku. Adapaleni haina tatizo hilo, na ipo jeli inayozichanganya mbili hizo pamoja.

*Madoa.* Hapa inaipita benzoili peroksidi. Inaharakisha ngozi kujibadilisha, hivyo madoa meusi hufifia taratibu.

*Inamfaa nani.* Mwenye vizibo vingi, mwenye mchanganyiko, na yeyote ambaye chunusi zake zimetulia lakini anataka zisirudi, kwa sababu ni dawa inayoweza kutumika muda mrefu. Haimfai mjamzito wala anayepanga kupata mimba hivi karibuni. Haimfai pia mtu anayetaka uso uwe safi kwa sherehe ya wiki ijayo.

3. Asidi laini: salisiliki na azelaiki

Nimeziweka pamoja kwa kuwa ndizo njia ya upole, ila hazilingani.

*Kazi yake.* Asidi ya salisiliki, kwa kawaida 0.5% hadi 2%, huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hupenya ndani ya tundu na kulegeza kizibo. Asidi ya azelaiki, 15% au 20%, hufanya zaidi: inapunguza bakteria, vizibo na uvimbe kwa wakati mmoja.

*Muda.* Zote ni za polepole. Wiki 8 hadi 12, na azelaiki wakati mwingine zaidi.

*Usumbufu.* Salisiliki hukausha kidogo. Azelaiki huchoma au kunyenyeresha dakika chache baada ya kupaka, hasa wiki za mwanzo, kisha hali hiyo hupoa.

*Madoa.* Salisiliki haina mchango mkubwa. Azelaiki ni nzuri sana hapa, kwa sababu inazuia utengenezaji wa melanini uliozidi bila kuifanya ngozi ya kawaida kuwa nyeupe. Naiona kama dawa inayosahaulika bure na watu wenye ngozi nyeusi.

*Inamfaa nani.* Salisiliki: kijana mdogo mwenye vizibo vichache, au mwenye ngozi isiyovumilia retinoidi. Azelaiki: mwenye chunusi za wastani na madoa mengi, mwenye ngozi nyepesi kuchokozeka, na mjamzito, kwa kuwa ni miongoni mwa chache zinazohesabika salama kwake. Kwa vinundu zote mbili ni dhaifu.

4. Antibiotiki

*Kazi yake.* Zinapunguza bakteria na uvimbe. Za kupaka ni kama klindamaisini. Za kumeza ni kama doksisaiklini.

*Muda.* Za kumeza huleta nafuu ndani ya wiki 6 hadi 8. Matumizi yake yanatakiwa yawe na kikomo, kwa kawaida miezi 3 au 4, kisha daktari aangalie.

*Usumbufu.* Doksisaiklini huchoma koo la chakula ikikwama, kwa hiyo imeze kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama, na usilale mara baada ya kuimeza. Inafanya ngozi iungue haraka na jua. Inaweza kuvuruga tumbo, na baadhi ya wasichana hupata fangasi ukeni. Usumbufu mkubwa zaidi hauonekani kwenye kioo: usugu. Antibiotiki ya chunusi haitumiki peke yake, iwe ya kupaka au ya kumeza. Iambatane na benzoili peroksidi, retinoidi au vyote viwili. Ukipewa klindamaisini pekee, ni halali yako kuuliza kwa nini.

*Madoa.* Haziondoi, ila kwa kuzima uvimbe haraka huzuia mengine na hupunguza makovu.

*Inamfaa nani.* Mwenye chunusi nyingi za uvimbe, au zilizosambaa mgongoni ambako kupaka ni shida, na ambaye dawa za kupaka pekee hazikutosha. Doksisaiklini haipewi wajawazito wala watoto ambao meno yao ya kudumu bado yanaumbika. Nchi nyingine huweka mpaka kwenye miaka 8, nyingine 12.

5. Tiba ya homoni

*Kazi yake.* Inapunguza nguvu ya androjeni kwenye tezi, hivyo mafuta yanapungua. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, yaani estrojeni na projestini, ndivyo vinavyotumika zaidi. Spironolaktoni ni nyingine. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha wanawake 410 wenye miaka 18 na zaidi, ulionyesha inasaidia, na matokeo yakazidi kuwa mazuri kufikia wiki ya 24. Kuna pia krimu ya klaskoteroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa jinsia zote kuanzia miaka 12, ila bado haijafika kila mahali.

*Muda.* Miezi 3 hadi 6.

*Usumbufu.* Vidonge vyaweza kuleta kichefuchefu, matiti kuuma, na hatari ndogo ya damu kuganda. Spironolaktoni huongeza mkojo na kuvuruga hedhi.

*Madoa.* Haina athari ya moja kwa moja. Na mtu mwenye mwelekeo wa kutoka mabaka meusi usoni aseme mapema, kwa sababu estrojeni huweza kuyachochea.

*Inamfaa nani.* Msichana ambaye chunusi zake hukaa kidevuni na chini ya taya na kupanda kila kabla ya hedhi. Zaidi akiwa na hedhi zisizotabirika au nywele nyingi usoni, maana hapo daktari atataka kuangalia ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari. Vidonge hivi havimfai mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwanga machoni, wala aliyewahi kupata damu kuganda. Wavulana hawapewi vidonge vya homoni. Na tahadhari: njia za uzazi wa mpango zenye projestini peke yake, kama vipandikizi na baadhi ya sindano, huweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya watu.

6. Isotretinoini ya kumeza

*Kazi yake.* Hii ndiyo inayogusa yote manne. Inasinyaza tezi za mafuta, na bakteria akikosa chakula anapungua, vizibo na uvimbe vinafuata. Imetumika tangu mwaka 1982. Wengi wakimaliza dozi hukaa miaka bila chunusi nzito, jambo ambalo dawa nyingine haziwezi kuahidi. Baadhi huhitaji dozi ya pili.

*Muda.* Kwa kawaida 0.5 hadi 1 mg kwa kila kilo ya mwili kwa siku, mpaka jumla ifike 120 hadi 150 mg kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anayemeza 40 mg kwa siku atafikia jumla ya 7,200 hadi 9,000 mg, yaani miezi 6 hadi 7 na nusu. Hapa nako mwezi wa kwanza chunusi zinaweza kuongezeka.

*Usumbufu.* Midomo hukauka kwa karibu kila anayeitumia, na macho na pua pia. Misuli inaweza kuuma. Damu hupimwa kuangalia ini na mafuta ya damu. Haichanganywi na doksisaiklini wala jamaa zake, kwa sababu kwa pamoja huweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu, na haiendi na vidonge vya vitamini A. Anayeitumia hachangii damu mpaka mwezi mmoja upite baada ya kuacha.

Mawili yanahitaji kusemwa polepole. La kwanza: isotretinoini huharibu vibaya mtoto aliye tumboni, hata kwa matumizi ya siku chache. Msichana anayeweza kupata mimba hupimwa ujauzito, na hutakiwa kuwa na kinga ya uhakika kuanzia mwezi mmoja kabla, kipindi chote cha dawa, na mwezi mmoja baada. La pili ni hali ya hisia na mawazo. Kumekuwa na taarifa za huzuni nzito na mawazo ya kujidhuru kwa baadhi ya watumiaji. Uhusiano wake na dawa unabishaniwa, kwa kuwa chunusi nzito nazo huleta huzuni, lakini tahadhari inachukuliwa: mwaka 2023 Uingereza iliweka sharti kwamba aliye chini ya miaka 18 asianzishiwe mpaka wataalamu wawili wakubaliane.

*Madoa.* Ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kuzuia makovu mapya. Makovu ya zamani haiyajazi.

*Inamfaa nani.* Mwenye vinundu, mwenye chunusi zinazoacha makovu, na aliyetumia dawa nyingine ipasavyo bila mafanikio. Anayetishwa na watu kuhusu ukali wake ajue pia kwamba kuichelewesha kwa mwenye vinundu kuna gharama: kovu lililokwishachimbika halirudi nyuma. Usiinunue kamwe bila daktari.

Vya nyumbani, na krimu za kung'arisha

Limau huchoma ngozi na jua likiipiga huacha mabaka. Dawa ya meno na magadi huchokoza. Mshubiri hutuliza ngozi iliyokauka, na hapo ndipo kazi yake inapoishia. Mafuta ya mti wa chai ya 5% yana ushahidi kidogo: utafiti wa Australia wa mwaka 1990 uliyalinganisha na benzoili peroksidi ya 5%, yote yakasaidia, mafuta yakiwa ya polepole na yenye usumbufu mdogo.

Krimu za kung'arisha ni habari nyingine. Nyingi zina steroidi kali kama klobetasoli, na mkorogo hujui una nini. Wiki ya kwanza uso unatulia kweli, kwa kuwa steroidi huzima uvimbe. Baadaye ngozi huwa nyembamba, na chunusi za steroidi hulipuka ukijaribu kuacha. Kama umekwishazitumia kwa muda, usiache kwa siku moja kimyakimya. Mwone daktari wa ngozi akusaidie kutoka.

Kulingana na hali yako

*Una miaka 12 au 13, vizibo puani na kwenye paji.* Adapaleni usiku, polepole. Kama ngozi inakataa, salisiliki.

*Nyekundu na vizibo vimechanganyika.* Adapaleni na benzoili peroksidi ya 2.5%, kwa pamoja au moja asubuhi moja usiku. Andika tarehe ya kuanza mahali utakapoiona, uhesabu wiki 12. Piga picha siku ya kwanza kwenye mwanga uleule utakaotumia baadaye. Kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko ya polepole.

*Madoa ndiyo yanayokunyima raha.* Azelaiki, au retinoidi iliyoanzwa kwa upole, pamoja na kinga ya jua kila siku. Na vidole mbali. Kuminya kunasukuma usaha ndani zaidi.

*Mgongo na kifua.* Benzoili peroksidi ya kuosha. Zikiwa nyingi, daktari aongeze antibiotiki ya kumeza kwa miezi michache.

*Ni mjamzito au unanyonyesha.* Azelaiki au benzoili peroksidi. Nyingine zote muulize daktari kwanza.

*Vipele vinavyolingana ukubwa, vinawasha, haviitikii chochote.* Huenda si chunusi. Kuna fangasi wa vinyweleo wanaofanana nazo sana, na antibiotiki huwaongeza.

*Vinundu, au umeona kovu la kwanza.* Usipitie hatua zote hizi. Nenda kwa daktari wa ngozi sasa.

*Chunusi zimelipuka ghafla zikiwa vidonda, na una homa au viungo vinauma.* Hospitali siku hiyohiyo.

*Umeacha kwenda shule, unakwepa picha, hulali, au umewahi kufikiria kujidhuru kwa sababu ya uso wako.* Hata kama chunusi zako mtu mwingine anaziona chache, hii ni sababu kamili ya kutafuta matibabu haraka, na mzazi asimwambie mtoto zitaisha zenyewe. Ukifika kwa daktari, sema hilo kabla hujaonyesha uso, kwa sababu linabadilisha dawa atakayoichagua, na siku atakayotaka urudi kumwona.